Jicho la Jua la Pili

Enzi hizo majua yalikuwa mawili. Moja likizama, jingine linachomoza, na watu wa milimani hawakulijua giza. Langui na mumewe Husung walikuwa wakipalilia mawele, mtoto wao Talum wamemlaza kando na kumfunika kwa majani. Langui alipokwenda kumnyonyesha alimkuta amekauka, amesinyaa. Alipomgusa tu, mtoto akageuka mjusi, akachomoka na kupotelea kwenye mawe.

Husung alichukua upinde, akaapa kulipiga jua lililomkausha mwanawe. "Baki nyumbani, Mama Talum."

"Nibaki nifanye nini? Tangulia, usinipotezee muda."

Wakashika njia ya mashariki. Langui hakutulia hata kidogo. Wakiketi kupumzika, yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Kila mjusi aliyekatiza mbele yao alimfanya asimame na kuita, "Talum?"

Kwenye mlima wa mwisho jua la pili lilichomoza karibu kabisa. Husung akavuta upinde, mwanga ukamfumba macho, mshale ukaenda kombo.

"Unawinda mawingu, bwana?"

"Njoo ulenge wewe basi!"

Langui akamkinga uso kwa kiganja, akaacha upenyo mwembamba kati ya vidole. Ngozi ya mkono ikaanza kubabuka. "Piga! Naungua!"

Mshale ukazama jichoni mwa jua. Likapiga ukelele, likafifia, likapauka, kisha likamkamata Husung. "Nawakuzia mazao, wala hamjanishukuru hata siku moja. Leo mnanipofua jicho moja?"

"Umenikaushia mwanangu," Langui akasema, "na bado unadai shukrani?"

"Sikumwona," jua likasema. "Toka juu, watoto ni wadogo mno."

Langui akachana pindo la nguo yake, akalifuta damu. Hasira ilikuwa haijamtoka, lakini mikono yake haikuweza kukaa bure.

"Sasa mimi ni mwezi," likasema, likimwachia Husung. "Watoto wenu muwavike shanga nyeupe, nipate kuwaona."

Likaondoka, na kwa kuwa jua la kwanza lilikuwa limekwisha kuzama, dunia ikawa nyeusi tii. Husung akapiga kelele kwamba amepofuka.

"Shika nguo yangu," Langui akamwambia, "na uache makelele."

Baadaye walipata binti, Puni, wakamvika shanga. Hata hivyo, kila mwezi ulipoandama Langui alitoka naye nje, akamwinua juu kadiri mikono ilivyofika.

"Huyu hapa. Umemwona?"

Kisha akapanda juu ya jiwe, akamwinua tena.