Nusu ya Bustani

Sisi madiwani tuna desturi yetu. Ukisimama kuchangia unamshukuru Mungu, unampongeza Mwenyekiti, unasema unaunga mkono hoja, ndipo unaanza kuiponda. Hakuna aliyetufundisha. Mtu anaunga mkono bajeti asilimia mia moja, kisha anaisema vibaya ukurasa kwa ukurasa, na jioni tunakunywa soda pamoja. Mimi, Modesta, diwani wa viti maalumu muhula wa pili, ni fundi wa mchezo huo.

Siku hiyo mezani kulikuwa na bustani ya nyuma ya soko. Choo kimeziba tangu masika, bomba limekauka, bembea zimebaki minyororo. Mhandisi alileta makadirio ya matengenezo: milioni arobaini na mbili. Tulikuwa na tisa. Bwana Benson, mwenye gesti inayopakana na bustani, alikuwa ameandika barua kwamba atakarabati kila kitu mwenyewe, ila nusu ya bustani iwe maegesho ya pamoja, mchana magari ya watu wa soko, usiku ya wageni wake. Sikuwa na ugomvi naye. Shida ilikuwa ile nusu aliyoitaka, maana ndiko lilikokuwa banda la Rosalia.

Rosalia, au Mama Valence, ameuza uji na chapati pale mwaka wa kumi na mbili huu. Anatoka Nakwa kwa miguu alfajiri. Mumewe alipokufa, shemeji zake walichukua shamba, na banda hilo ndilo linalomsomesha Valence chuo cha ualimu. Amebakiza mwaka mmoja. Nilipogombea mara ya kwanza, mikutano yangu na akina mama niliifanyia kwenye mabenchi yake.

"Mama Hope," aliniambia, "mimi mbele ya watu siwezi kusema. Wewe nisemee."

"Nitakusemea," nilimjibu.

Na nilijipanga kweli. Nilikaa na mhandisi juu ya ramani, tukaona magari yanaweza kupangwa upande wa mtaro na banda likabaki. Diwani mwenzangu, Alfred, aliahidi kuniafiki. Kilichobaki ni mimi kusimama na kusema naleta marekebisho.

Nikasimama. Rosalia alikuwa viti vya nyuma vya wananchi, amejifunga kitenge kipya. Nikamshukuru Mungu. Nikampongeza Mwenyekiti. Kisha mdomo wangu huu wa kipumbavu ukasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja asilimia mia moja."

Hata sikusikia nilichokisema. Niliendelea, nikawaka. Nikasema juu ya wajane, juu ya miaka kumi na miwili, nikaieleza ramani yangu yote. Rosalia akapiga makofi peke yake mpaka askari wa mlangoni akamwonya. Nilipoketi alinipungia mkono akatoka haraka, kwa sababu mchana watu wanaotoka Hanang kufuata huduma za ofisi humsubiri wapate kula.

Mwenyekiti wetu, Mzee Damasi, akavua miwani. "Mheshimiwa Modesta, umeunga mkono asilimia mia moja. Hayo marekebisho unayatoa kwenye asilimia ipi?"

Ukumbi ukacheka. Nikamtazama Alfred. Alikuwa anafungua maji ya chupa. Miaka yote hakuna aliyetubana kwa maneno hayo, kwa sababu miaka yote tulikuwa tunalalamika tu, hatubadilishi kitu. Wanaoafiki wakasema ndiyo, na barua ya Bwana Benson ikapita kama alivyoiandika.

Nilikwenda moja kwa moja bandani kumweleza. Rosalia akanishika kwa mikono miwili.

"Mama Hope, leo umewanyoosha! Nimesikia kwa masikio yangu. Mungu akuzidishie."

Akanimiminia uji. Nikaunywa wote, nikamwambia tutaongea, nikaondoka. Kesho yake nilipita barabara nyingine. Jumamosi na Jumapili nilijifungia kwangu Nangara, nikawaambia watu naumwa kichwa. Sikuumwa kichwa. Niliogopa, na naona aibu kuandika hivyo.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye bajaji nikielekea mjini. Karibu na bustani tukakuta watu wamejaa barabarani. Lori la moramu ya maegesho lilikuwa limeingiza tairi za mbele ndani ya bustani, na mbele yake alisimama Rosalia, upawa mkononi. Uji ulikuwa jikoni unachemka. Hakuwa na hofu hata kidogo.

"Kaka, wamekuelekeza vibaya," alikuwa akimwambia dereva wa lori. "Jambo hili limekwisha. Diwani wangu alilisimamia barazani, nami nilikuwepo."

Dereva akamnyooshea karatasi yenye mhuri. Rosalia hakuipokea.

"Hiyo ni ya zamani," alisema. "Muulize Mama Hope. Mpigie sasa hivi, atakwambia."

Kijana wa bajaji, aliyekuwa akijipenyeza polepole kati ya watu, akageuka. "Mama, unashukia hapa?"

"Hapana," nilimwambia. "Pita."