Pembe ya Juu

Mafundi walikuwa wanapandisha matofali ya pembe ya juu, yale yanayoziba nafasi kati ya ukuta na paa, siku Mama Bernadetta alipofika Buhongwa kuiona nyumba ya mwanawe. Hakusifu vyumba. Alisimama mbali, akaangalia juu.

"Projest, yatoe hayo. Weka mbao na bati."

Projest alicheka. "Mama, hapa si Bukoba. Mwanza imekaa juu ya mwamba. Tetemeko gani limewahi kubomoa nyumba hapa?"

"Hata sisi tulikuwa tunasema hivyo."

Masele, fundi mkuu, alimwamkia kutoka juu ya jukwaa. "Shikamoo mama. Ila bati hapo, watu watasema ni banda."

"Marahaba. Waseme."

Projest akakunja uso. Mwaka ule wa 2016, tetemeko lilipoipiga Bukoba, alivuka ziwa kwenda kumzika dada yake, Teodora. Aliambiwa kaangukiwa na ukuta, naye akaamini kwamba dada alichelewa kutoka ndani. Hakuwahi kuuliza zaidi.

"Hakuwa ndani," mama alisema, kana kwamba ameulizwa. "Alishatoka. Alisimama uani ananiita mimi nitoke. Nyumba yenyewe haikuanguka, baba. Ilianguka pembe ya juu tu, ikadondokea nje. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona."

Masele akashuka polepole, mwiko mkononi. Siku ile hakuna tofali lililowekwa tena. Kesho yake pembe zote mbili zilibomolewa, zikawekwa mbao na bati.

Walipohamia, mama alibaki nao. Aliwafundisha wajukuu: ikitikisika, chini ya meza; ikitulia, nje, mbali na ukuta. Gladness, mke wa Projest, alinung'unika kwamba bibi anawatia watoto hofu.

Jumapili moja baada ya misa, vyombo vilianza kugongana kabatini. Projest alisimama katikati ya sebule kama mti. Watoto walikuwa wameshaingia chini ya meza, wamemvuta na mama yao. Ilipotulia, wote wakatoka hadi mwisho wa kiwanja.

Hakuna kilichovunjika. Jirani aliita kutoka ng'ambo ya uzio kwamba ni lori tu limepita. Mama Bernadetta aliketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti, akilitaja jina la Teodora, na Projest akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Tuingie sasa, bibi?" mtoto mdogo aliuliza.

"Bado. Tetemeko huwa linarudi."

Gladness alipika nje, na chakula wakakilia pale pale.