Hewa Isiyopimwa

Mkaguzi mstaafu wa mizani aliingiza kombi yake gereji asubuhi, akashuka bila kuizima. Alitaka fundi aisikie kwanza. Injini ilikuwa nyuma, chini ya kitanda, na mlio wake ulipanda, ukashuka, ukataka kukatika, ukajikaza tena. Gari zima lilitetemeka. Vikombe vya bati vilivyoning'inia juu ya jiko dogo viligongana kama vinagombana.

"Inafanya hivi ikiwa imesimama tu," alisema. "Ukikanyaga mafuta inatulia."

"Unaitembeza mara kwa mara, mzee?"

"Naiwasha kila Jumamosi."

Fundi, mwanamke wa makamo mwenye tochi kichwani, alimtazama kidogo. Swali lake halikuwa hilo, na mkaguzi alijua.

Mtaani kwake walimwita Msafiri. Kila Jumamosi, miaka nenda rudi, alijaza maji kwenye dumu, akakunja mablanketi, akapasha injini moto pale uani. Mkewe alikaa kiti cha mbele, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini. Alitaka kwenda kwa dada yake, aliyehamia mji wa mwisho wa barabara kuu. "Msafiri, usitusahau na zawadi!" jirani alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ua, na mkaguzi akapunga mkono. Kisha aliona jambo. Tairi moja lilikuwa limelegea kidogo, au mawingu yalikuwa yanakusanyika. Hakuwahi kusingizia, kwa maana tairi lilikuwa limelegea kweli, na mvua ilinyesha. Alizima injini, wakaingia ndani kunywa chai.

Mke alifariki mwaka juzi. Mkaguzi aliendelea kupasha injini moto, na mtetemeko ulianza baada ya hapo.

Fundi alitoa plagi, akaziona safi. Alikagua nyaya, akasafisha nozeli zinazopuliza petroli, akarudisha kila kitu mahali pake. Injini ikatetemeka vilevile.

"Hii haina kabureta," alieleza akifuta mikono. "Hapa kuna kibamba kinachopima hewa inayoingia, na petroli inatolewa kwa kipimo hicho. Sasa kuna hewa inaingia kwa mlango mwingine. Kibamba hakiioni, petroli inakuwa pungufu, injini inahangaika."

"Hewa isiyopimwa," mkaguzi alisema kwa chuki. Alikuwa amefukuzana na vitu visivyopimwa maisha yake yote ya kazi.

Fundi alizima injini, akaziba njia ya hewa, akasukuma moshi ndani kwa pampu ya mkono ili aone utatokea wapi. Haukutokea kwenye mpira wowote wa hewa. Walizunguka gari lote. Moshi ulikuwa unatokea mbele, juu ya kiti cha abiria, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi. Ulitoka kidogo, ukakoma, ukatoka tena.

"Mzee, huku mbele kuna mtu anapumua."

Mkaguzi alichungulia dirishani. "Huyo ni mke wangu. Ni marehemu."

"Habari yako, mama," fundi alisema.

Mke aliitikia kwa kichwa, akapeperusha moshi kwa mkono usije ukaharibu koti.

"Basi ndiyo hewa yenyewe," fundi alisema. "Ni kidogo, lakini gari likisimama injini nayo inavuta hewa kidogo, kwa hiyo pumzi yake inahesabika. Barabarani haihesabiki."

"Inatengenezeka?"

"Kwa njia mbili. Mpeleke anakotaka kwenda. Akishuka, kwisha habari."

"Na ya pili?"

"Kuna skrubu. Naongeza petroli ya kumtosha na yeye. Gari litatulia, naye atabaki hapohapo." Fundi alivua tochi. "Kwanza twende tukalijaribu barabarani."

Fundi alipanda nyuma, akakaa kitandani. Walipoyapita maghala ya mwisho ya mji na mkaguzi kuongeza mwendo, mlio ulinyooka, vikombe vikanyamaza. Mke aliteremsha kioo. Akafungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale uani.

Kwenye njia panda palikuwa na kibao chenye jina la mji wa dada yake. Mkaguzi alisimamisha gari. Mtetemeko ukarudi.

"Mafuta yapo," fundi alisema kutoka nyuma. "Matairi nimeyakagua mimi. Nishusheni hapahapa, sitakosa lifti."

Mke alikuwa anakitazama kibao.

Mkaguzi naye alikitazama. Dada mtu alishasema wazi, zamani, kwamba kwake kuna chumba na kitanda, na kwamba mdogo wake akifika hatarudi tena kwa mume huyo. Mkaguzi hakuwahi kumjibu. Alinunua kombi.

"Sijafunga dirisha la jikoni," alisema.

Ni kweli, hakuwa amelifunga. Akageuza gari. Mke akapandisha kioo, akafunga kifungo.

"Dirisha," fundi alisema taratibu, kama mtu anayerudia jina la chombo asichokuwa nacho. "Haya."

Waliporudi gereji, fundi aligeuza skrubu kwa bisibisi nyembamba, kidogo kidogo, akisikiliza. Injini ikashuka, ikatulia, ikaimba kwa sauti moja.

"Imekaa sawa," mkaguzi alisema.

"Haitasumbua. Ila kosa lipo palepale, mzee. Nimelinyamazisha tu."

Jumamosi iliyofuata alijaza dumu, akakunja mablanketi, akawasha. Vikombe havikutikisika hata kimoja. Jirani alipiga kelele kuhusu zawadi, na mkaguzi akapunga mkono. Katika utulivu ule alisikia, kwa mara ya kwanza, pumzi ya mkewe pembeni yake, fupifupi, kama ya mtu aliyejiandaa mapema mno na bado anasubiri.

Mke alivuta mkanda wa kiti, akaufunga.

Mkaguzi aliangalia juu. Mbali, nyuma ya paa la jirani, palikuwa na wingu. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo. Akazima injini, akafungua mkanda wake, akaingia ndani kubandika chai. Mkanda wa mkewe ulibaki umefungwa.