Walivyoliziba Dirisha la Mwanangu

Ilisemekana kwamba mama mmoja wa mtaa wa juu, ambaye nyumba yake ilikarabatiwa na watu wa televisheni, hakulala humo hata wiki mbili. Alibeba godoro akahamia kwa dada yake. Habari hiyo niliipata kwa jirani yangu tunayemwita Mama Redio, na kama kawaida yake aliileta nusu.

"Kwani nyumba ina nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Ila nimeiona kwenye televisheni, shoga yangu, inang'aa kama sahani ya wageni."

"Sasa mtu anakimbiaje nyumba inayong'aa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, maana wewe ndiye unayefuata."

Tangu hapo sikutulia. Nikifua nawaza godoro la yule mama, nikimenya vitunguu nawaza godoro. Lakini kifungua mimba wangu, msusi, alikuwa ameshajaza fomu ya watu hao wa televisheni na kutuma picha, na tulikuwa tumechaguliwa kati ya nyumba nyingi. Niliogopa kuonekana sina shukrani.

Nawaandikia hasa ninyi wenye mtoto anayeumwa kifua. Kitindamimba wangu ni msichana wa miaka tisa, ana pumu. Daktari wa kliniki alinipa amri mbili: vumbi lisikae, dirisha lisifungwe. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na kila asubuhi nasikiliza kwanza kifua chake ndipo niwashe jiko.

Hayo nilimwambia mtangazaji siku ya kwanza. Sisi tulimwita Bwana Meno, maana alicheka hata asipoambiwa kitu.

"Sitaki kochi wala zulia," nikamwambia. "Nataka dirisha la huyu mtoto lipanuliwe."

"Mama, sisi sasa ni familia. Umelipata."

Akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona kwa macho yangu.

Halafu akaniomba nisipige deki siku mbili ili nyumba ionekane imechoka. Akaleta ndoo, akaiweka katikati ya sebule.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kukinga maji yanayovuja."

"Bati langu halivuji."

"Tunajua, mama. Ni ya picha tu."

Nikaiacha ndoo yao ikae. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa mkataba. Ulikuwa na kurasa sita, nami niliishia shule ya msingi, nasoma kwa kufuata kidole. Nilipofika ukurasa wa pili walikuwa wameshaniwekea kalamu mkononi, na gari la kutuhamisha linanguruma nje.

Wakatupeleka nyumba ya wageni siku saba. Siku ya tano sikuweza kuvumilia, nikapita kwangu kama mtu anayekwenda zake sokoni. Mlinzi akanizuia getini.

"Mama, utaharibu mshangao wako."

"Mshangao wangu niachie mimi mwenyewe, baba."

Hakunipisha. Fundi mwashi alikuwa akiingiza matofali kwa toroli. Nikamwamkia kwa mbali, akaitikia huku anatazama gurudumu. Nikajiuliza, mtu anayepanua dirisha anaingiza matofali ya nini? Nikajijibu kwamba labda ni ya jikoni. Mtu akitaka kudanganywa hujisaidia mwenyewe.

Siku ya nane wakatusimamisha mlangoni, majirani wamejaa hadi barabarani. Binti wao wa kupaka watu poda akanipangusa jasho. Bwana Meno akanifundisha: "Ukiingia, mkono mdomoni, halafu machozi." Tuliingia mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo sikulia ilivyotakiwa. Sebule ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Makochi ya rangi ya maziwa, taa tatu zinaning'inia, maua ya plastiki kila kona.

Kisha chumba cha mtoto. Pazia refu la njano lilikuwa limeshuka hadi sakafuni, na nyuma yake mwanga mzuri kama wa asubuhi. Majirani walioweza kuchungulia wakapiga vigelegele. Kitindamimba wangu alisimama karibu na pazia, akainamisha kichwa.

"Mama, mbona jua la humu linavuma kama friji?"

Nikalivuta pazia. Nyuma yake kulikuwa na taa mbili ndefu zimepigiliwa ukutani. Nyuma ya taa palikuwa na mbao, zimepakwa rangi ambayo harufu yake ilinipanda puani. Mtoto akakohoa mara moja, kisha mara ya pili. Kikohozi kile nakijua. Nikampa kikopo chake cha dawa ya kuvuta, nikamtoa uani kwa Mama Redio, nikarudi.

"Dirisha liko wapi?"

Bwana Meno alicheka. "Mama, huu ndio mtindo wa sasa."

Nikamgeukia fundi mwashi. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, kofia mkononi.

"Niliwaambia, mama. Nikasema chumba hiki kina mgonjwa."

"Wakasemaje?"

"Wakasema jua la saa kumi linaunguza picha. Nikajenga. Nisamehe."

"Nipe nyundo."

Alinipa bila kuuliza.

"Zima kamera!" Bwana Meno akapaza sauti. "Mama, mkataba unakataza kugusa kitu mpaka kipindi kitoke. Ni wiki sita tu!"

"Wewe unaweza kukaa wiki sita bila kuvuta pumzi?"

"Basi mtoto alale sebuleni."

"Anipangie nani pa kulaza mwanangu? Na ninyi wa kamera, msizime. Si mlitaka nilie? Haya, pigeni picha!"

Nikapiga. Mbao ya kwanza ikapasuka. Kifungua mimba wangu akanishika mkono, uso umemshuka. "Mama, unatuaibisha, mtaa mzima unatazama."

"Utazame. Mwite na aliyebaki nyumbani."

Akanitazama, akatazama taa zile. Kisha akavua viatu vyake virefu. "Sogea. Hata nyundo hujui kuishika."

Tukapokezana. Fundi akaja na tindo upande wa nje, kwenye matofali aliyoyajenga, na kabla ya magharibi upepo ukaingia chumbani.

Watu wa televisheni walihamisha makochi yao, taa, pazia, mpaka maua ya plastiki. Mimi niliwashikia mlango. Nyumba yetu haikuonyeshwa kwenye kipindi. Fundi alirudi Jumapili na fremu yangu ya zamani, alikuwa ameiweka kando, akaifunga bila malipo. Haikai sawa, ina mwanya wa kidole. Kitindamimba analala chini yake.

Baadaye nilikwenda kwa yule mama wa mtaa wa juu. Walimzibia tundu la moshi jikoni ili ukuta upendeze, moshi ukawa unajaa nyumba nzima. Amenyamaza kwa kuogopa mkataba. Mimi nimeshaletewa barua kwamba nimeuvunja, na nimeijibu kwa mkono wangu: ndiyo, nimeuvunja, njooni tuyaseme mbele ya daktari. Mpaka leo hawajaja. Wakija, watanikuta.

Nanyi mkifuatwa, epukeni haya:

Kuhama wote. Mmoja wa familia abaki, hata bibi wa kukaa tu kitini.

Kusaini ukurasa ambao hujausoma. Wakikuharakisha, weka kalamu chini.

Ndoo chini ya bati lisilovuja.

Ahadi ya mdomo juu ya mgonjwa. Waandike, nawe ubaki na nakala.

Kulia kwa kuelekezwa.

Kuingia mara ya kwanza na kamera. Ingia na fundi, fungua kila mlango, kila bomba, vuta kila pazia.

Kuwaonea haya majirani.

Kumlaza mtoto mwenye pumu penye rangi mbichi, hata wakiapa kwamba haina harufu.