Dirisha la Ukuta wa Nyuma

Humaidi bin Ghalibu alikuwa anakoroga gundi ya unga wa muhogo barazani kwake Mtendeni, baada ya swala ya adhuhuri, wakati Ndugu Jilala, katibu wa uhamishaji, alipokuja kumwambia kuwa nyumba za kijiji kipya zimeota. Zimeota zote, alisema, ila hazina jiko.

"Mchoro mlionipa haukuwa na jiko," Humaidi akajibu bila kuacha kukoroga. Gundi ya muhogo ukiiacha kidogo tu, inashika mabonge.

"Sikuja kulalamika, ndugu. Uongeze bendera. Tuna mgeni."

Ulikuwa mwaka wa Operesheni. Watu wa upande wa Ntalikwa, waliokuwa wakiishi kila mmoja na shamba lake, walikuwa wameamriwa kukusanyika kando ya barabara, nyumba kwa mistari kama askari. Ofisi ilitaka mfano wa kijiji hicho juu ya meza, ili wageni wakionyeshwe bila kupata vumbi. Humaidi alikuwa seremala wa milango na fremu, na kwa desturi yake hakukata ubao kabla mteja hajaiona kazi ikiwa ndogo, ya boksi, kwenye kiganja. Basi wakampa yeye. Alichokibandika mezani mchana, kesho yake asubuhi kilikuwa kimesimama kule porini, kwa kimo chake kamili. Ofisi ilipoona hivyo, saruji iliyokuwa imeagizwa kwa ajili ya kijiji ilikwenda kujenga mahali pengine, ambapo kila mtu alipajua na hakuna aliyepataja.

Shida ni kwamba vitu vilitoka na ukweli uleule viliokuwa nao mezani. Anayetaka kufanya mfano wa nyumba, Humaidi alikuwa akisema, asianze na paa kwa kuwa paa ndilo linaloonekana. Aanze na unene wa ukuta. Boksi moja ni ukuta wa karatasi. Bandika mawili, matatu, mpaka dirisha lipate kina cha kuegemeza kiwiko. Upenu utokeze nje, si kwa urembo, kwa ajili ya mvua. Mlango usiuchore kwa kalamu ukaridhika. Ukate, uutie bawaba ya kitambaa, uufungue kwa kidole usikie kama unakwama. Kisha chonga mtu wa kijiti umsimamishe karibu, maana nyumba isiyo na mtu hudanganya kimo. Na kitu ambacho hujawahi kukigusa kwa mkono wako usikifanye. Kitatoka uongo.

Alipoamriwa kuweka bomba la maji katikati ya kijiji, alimweleza katibu kuwa meza ni ya plaiwudi nyembamba, chini yake hakuna ardhi ya kupitisha maji. Weka hivyohivyo, aliambiwa. Bomba likatokea, la shaba, linang'aa. Ukilifungua lilitoa unga wa mbao. Wanawake waliendelea kuchota maji kwenye kisima cha zamani, mwendo wa kuchosha punda.

Kisha wafagizi wa ofisi waliigeuza meza, ili mgeni akiingia aone mbele za nyumba. Kijiji nacho kikageuka. Milango iliyokuwa ikitazama magharibi ikawa inatazama mashariki, upepo unakotoka, na vumbi likaingia mpaka vyunguni. Watu walining'iniza magunia milangoni, wakaendelea.

Ndipo Mama Koleta akaja Mtendeni kwa miguu, na kibuyu cha asali ya miyombo kichwani. Jina lake ni Apolinaria, mjane wa Raymundi. Mgambo walikuwa wamemwezulia nyasi za nyumba yake ya zamani yeye akiwa ndani anapepeta mtama. Hakusimama. Alimaliza kupepeta juani, akajitwika ungo, akapanda lori, na nyuma yake wakaitia nyumba moto.

"Shikamoo, Mama Koleta."

"Marahaba, Mwarabu usiye na ngamia."

"Ngamia wangu mlimla nyie Wanyamwezi, mwaka wa njaa."

"Tulimla nyama, akili tukakuachia wewe. Mbona hukuitumia? Umenipa nyumba kipofu."

Alikaa, akanywa maji, akaeleza. Nyumba yake mpya ilikuwa na dirisha moja tu, la barabarani. Kule kwao dirisha lilitazama kaburi la mumewe. Tangu amzike, kila jioni akimenya viazi alikuwa akimtazama na kumsimulia ya siku hiyo: nani kazaa, nani kagombana na nani.

"Sasa nasimulia malori," alisema. "Nitobolee ukuta wa nyuma, baba. Nimwone tu."

"Katibu ameruhusu?"

"Babu yako alimwomba nani ruhusa alipombebesha babu yangu pembe mpaka Bagamoyo? Wewe nibebee dirisha tu, tena karibu."

Humaidi alicheka, akajifuta gundi, akachukua kisu. Alimpenda bibi huyu. Nyumba ya baba yake Humaidi ilikuwa imetaifishwa, naye akabaki mpangaji katika chumba alichozaliwa. Katika mji mzima Mama Koleta ndiye pekee aliyekuja kumpa pole, na pole yenyewe ilikuwa matusi ya utani tangu mlangoni mpaka chakulani.

Dirisha likatokea. Siku iliyofuata Mama Koleta akarudi.

"Linafunguka vizuri. Ila nje hakuna kitu. Peupe, kama ukuta wa zahanati."

Humaidi akajipiga paji la uso. Nyuma ya nyumba ile ndipo meza ilipoishia. Fundi mzima alikuwa amesahau kwamba dirisha si tundu. Dirisha ni kile kilicho ng'ambo yake.

Wakaenda pamoja kwenye mahame, penye nyumba yake iliyochomwa. Humaidi aligusa kila kitu, kama kanuni yake ilivyotaka: majivu, vigae vya vyungu, ua wa minyaa uliokataa kuungua. Alipima kaburi kwa kamba. Mama Koleta akawa anamwonyesha kwa mkono ukuta ulikuwa wapi, ghala lilikuwa wapi. Kila alipoonyesha, mkono ulisimama hewani kidogo, kama uliokuta kitu pale.

Humaidi alirudi akaifanya sehemu hiyo juu ya kifuniko cha boksi la chai. Kuta alizipa unene. Mtama aliutengeneza kwa nywele za brashi, mmoja mmoja. Kaburi alilifinyanga kwa udongo wa palepale. Mwisho, kwa mazoea, akachonga mtu wa kijiti mwenye jembe, akamsimamisha shambani ili kimo kisidanganye. Akakipachika kifuniko pembeni mwa meza, nyuma ya nyumba ya Mama Koleta.

Jioni ile Mama Koleta alifungua dirisha, akamwona Raymundi anapalilia.

"Umekonda," alimwambia.

"Jua kali," Raymundi akasema, na akainama tena.

Habari ilienea kama habari. Majirani wakaja Mtendeni na kuku, na karanga, na maneno ya utani, kila mmoja akitaka ukuta wake wa nyuma utobolewe. Humaidi alikwenda nao mmoja mmoja kwenye mahame yao, akagusa, akapima, akafanya. Kila kifuniko akakiwekea mtu wake wa kijiti. Ikawa jioni kijiji kizima kimeegemea viwiko madirishani, watu wanaongea na mama zao, na kaka zao, na watoto waliozikwa wadogo. Mbele ya nyumba vumbi, nyuma ya nyumba mtama mrefu.

Ndugu Jilala alifika kukagua bendera. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya. Alichungulia dirishani kwa Mama Koleta, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu hajahama," alisema.

"Huyu ni marehemu mume wangu."

"Mama, tarehe ya mwisho ilipita. Amri inasema wote. Haikutaja marehemu pembeni." Akaingiza kichwa dirishani. "Ndugu! Unajua uko nje ya kijiji?"

"Mwangaluka!" Raymundi akamwamkia, na kuvua kofia.

Jilala, Msukuma, akaitikia kwanza kama alivyolelewa, halafu akamgeukia Humaidi, aliyekuwa amekuja kupima bawaba. "Fundi, mambo ni mawili. Hawa wahame, au madirisha yazibwe. Mgeni hawezi kuona watu wamebaki nyuma."

"Ziba," Mama Koleta akasema papo hapo. "Ziba langu, Humaidi. Nitakaa gizani. Mwache yeye kwake."

Lakini Raymundi alikuwa amesikia. Alipokuwa mtoto Mwingereza aliwahamisha kwa sababu ya mbung'o. Mama yake alikuwa amehamishwa na Mjerumani, na mama wa mama yake alihamishwa na msafara, kwa mnyororo. Katika ukoo ule watu walijua sauti ya amri kama ng'ombe wanavyojua mluzi.

"Raymundi, kaa hapohapo!" mkewe akapiga kelele. "Umeshakufa, mwanaume! Watakufanya nini zaidi?"

"Ni katibu, Apolinaria," alisema kwa upole, akapangusa jembe kwa nyasi.

Alifika saa ya chakula, akapita mlango wa mashariki, akasogeza gunia. Madirisha mengine nayo yakatoa watu wao. Balozi wa nyumba kumi aliwakaribisha, akawagawia mistari katika shamba la pamoja. Raymundi alipewa wake mwishoni kabisa, penye mawe. Mgeni alipokuja aliambiwa kwamba katika kijiji hiki hata waliotangulia wamehamia, akapiga makofi, akapanda gari.

Humaidi hakuziba kitu. Hakuna aliyemkumbusha, kwa kuwa madirishani hapakuwa tena na mtu wa kuleta aibu. Mama Koleta akamwomba jambo la mwisho, benchi.

"La urefu gani?"

"La watu wawili, mmoja mwembamba. Na usilifanye refu ukadhani unakuja kukaa na wewe."

"Nikae na nyinyi mnile kama ngamia?"

Alilichonga kwa kijiti cha mninga, akalipiga msasa mpaka likateleza, akaliweka chini ya dirisha. Jioni iliyofuata Mama Koleta alikaa juu yake na Raymundi, anamenya viazi, anamsimulia ya siku hiyo, ambayo Raymundi aliyajua yote kwa sababu naye alikuwepo. Alisikiliza hata hivyo. Ng'ambo ya dirisha nyumba yao ilisimama mlango wazi, kaburi limeachwa kama kitanda cha mtu aliyeamka, na mtama umekomaa. Kwelea walikuwa wametua juu yake, wengi, wanakula.

Raymundi aliinuka kidogo, akapiga makofi kuwafukuza. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Ndege waliendelea kula.