Sunniva Kafunga Chumba cha Kuoshea

Haya, kabla hamjasikia kwa wengine: aliyekifunga kile chumba ni Sunniva! Sunniva huyu huyu nesi, aliyechaguliwa mwakilishi wa usalama kazini akiwa msalani. Huku kaskazini mwa Norwei, asiyekuwepo kikaoni ndiye hupewa cheo.

Feni ya kuvuta hewa ilikuwa imekufa wiki tatu, kwenye kile chumba wanachooshea kamera za kupimia tumbo. Dawa ya kuoshea inanuka siki, tena siki iliyokasirika. Turid, mwoshaji wao, kaosha humo miaka kumi na tisa. Sasa akipanda ngazi mbili tu, kifua kinapiga filimbi. Bosi wao Eilif alichosema ni, "Fungueni dirisha." Nje theluji mpaka magotini!

Jumatatu asubuhi Turid akakohoa mpaka akakaa sakafuni. Sunniva akamtoa nje, akampeleka kwa daktari, akarudi, akavuta utepe mwekundu mlangoni na kubandika karatasi: kazi imesimamishwa. Sheria inampa mwakilishi haki hiyo, na hata mkurugenzi haibandui mpaka mkaguzi wa serikali aje aamue. Sahihi yake ikatoka kama kuku kaparura.

Eilif akaja mbio. "We Sunniva! Wagonjwa kumi na mmoja wanangoja kamera!"

"Najua."

"Leo tu, jamani. Fundi anakuja kesho."

"Kesho ya mwezi gani?"

"Unanifanyia kiburi?"

"Ingia basi, Eilif. Simama humo dakika kumi. Turid husimama humo saa saba nzima kila siku."

Eilif akashika kitasa. Akanusa. Akakiachia, akatoa simu kumtafuta fundi.

"Na wagonjwa utawaambia mwenyewe," akanong'ona. "Mimi siendi."

Sunniva akaenda, akawaambia wagonjwa leo hakuna vipimo. Walipomsikia, mzee Asbjørn akasimama, mweupe kama karatasi.

"Binti, jana nimekunywa dawa ya kusafisha tumbo lita mbili! Usiku kucha choo na mimi, mimi na choo!"

"Pole sana, Asbjørn. Wenye haraka wanapelekwa hospitali ya jirani. Wengine mtaitwa upya."

"Nikiitwa, naanza tena kunywa?"

"Unaanza tena."

"Nitakushtaki!"

"Nishtaki," Sunniva akasema, machozi yakimlengalenga, kidevu juu. "Lakini humo ndani leo haingii mtu."