Benedetta Amkabili Mzee Olinga

Tangu Januari hakuna aliyemshinda Mzee Olinga. Mstaafu huyo wa reli alicheza poka kila Jumapili mchana katika ua wa loji ya Roselida, Malaba, pamoja na madereva waliokwama kwenye foleni ya malori. Walicheza kwa vifuniko vya soda. Jumapili hii, ambaye angebaki wa mwisho angewawakilisha kwenye mashindano ya Kisumu.

Kwa karata, Olinga alikuwa mkono wa birika. Angetupa karata zake mara kumi, acheze moja, na hiyo moja ni moto.

Benedetta, dereva wa trela, alikuwa amenyolewa naye mara mbili. Safari hii alikaa siku tatu kwenye foleni akichambua kosa lake. Alizoea kumtisha mzee kwa dau kubwa. Lakini mzee akiwa na karata mbovu, hata dau dogo humkimbiza. Akiwa na nzuri, hata kubwa halimtishi.

"Kumbe nilikuwa nanunua kitu rahisi kwa bei ya dhahabu," alijiambia.

Basi walipobaki wawili, akaanza. Karata tatu za kwanza zikifunuliwa mezani na mzee akigonga meza kumpisha bila kuweka dau, Benedetta aliweka vifuniko vinne kwenye dau la kati lililofika kumi na viwili. Vinne tu. Mzee aliguna, akatupa. Raundi iliyofuata, vinne tena. Akatupa tena. Rundo la mzee likaanza kuliwa kama mahindi na fukusi.

Mara mzee akapandisha dau hadi ishirini. Benedetta alikuwa na kingi, na mezani palikuwa na kingi mwenzake. Mkono ulimwasha. Akazitupa karata zake.

"Ai, mama, unatupa kingi?" dereva mmoja aliyekuwa akimchungulia kwa nyuma akafoka.

Olinga akafunua tisa zake mbili. Ya tatu ilikuwa mezani. Tisa tatu zingezila kingi mbili.

 Benedetta akarudi kwenye vinne vyake.

Mwishowe mzee mwenyewe aliongeza dau hata kabla ya karata za mezani. Ana kitu kizito, Benedetta akajua. Yeye alishika saba mbili, akamfuata. Mezani zikatoka kwini, saba na mbili. Mzee akatia dau. Sasa dogo halikuwa na maana, kwa kuwa bahili akishapenda karata zake haziachi. Benedetta akasukuma vifuniko vyake vyote.

Olinga alifikiri mpaka chai yake ikapoa. "Wewe mama wa vinne vinne," akasema, "leo umepata wapi ujasiri?" Akaingiza vyote, akaweka kingi mbili.

Benedetta akafunua saba zake; pamoja na ya mezani, zikawa tatu. Karata mbili zilizobaki kufunuliwa mezani hazikumwokoa mzee.

Olinga alisimama taratibu, akamnyooshea mkono.

"Ile kingi uliyotupa," akasema, "mimi singeweza."

"Ilikuwa ngumu, mzee."

"Kisumu wapo wabahili kunishinda mimi. Keti kwanza, nikuambie wanavyocheza."

Benedetta akavuta kiti.